Kutoka Rangi za Zanzibar hadi Maigizo ya Bara

Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, miaka takriban mitatu kabla ya Afrika Kusini, moja ya nchi tajiri zaidi katika bara hili wakati huo, kuanza rasmi kurusha televisheni ya aina yoyote. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, kwa kuwa sera ya Ujamaa iliihesabu televisheni kuwa anasa, na redio ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kuelimisha umma; hoja hiyo haikuwa ya kijinga, kwani redio ya betri ilifika vijiji ambavyo nguzo ya umeme ilikuwa haijavifikia.

Vituo binafsi kama ITV vilipoanza, runinga, yaani kisanduku chenyewe, ilikuwa ya chogo, nzito, imefunikwa kitambaa cha kufuma mchana kutwa, na antena yake ilifungwa kwenye mti mrefu nje, ambao kijana mmoja aliugeuzageuza huku waliomo ndani wakimpigia kelele kwamba picha imerudi. Jirani asiye na runinga alichungulia dirishani, na mwenye nyumba aliyefunga pazia alisemwa mtaa mzima.

Kilichowakusanya watu zaidi mbele ya runinga ni maigizo, yaani michezo ya kuendelea wiki hadi wiki, hasa ya kundi la Kaole, ambamo Steven Kanumba alianza kujulikana kabla ya kuwa nyota wa filamu ziitwazo Bongo Movie.