Barbara Mtakatifu katika Mji wa Shaba

Wabelgiji walioasisi Élisabethville mwaka 1910, mji uitwao leo Lubumbashi, na ambao mwaka uliofuata waliwasha tanuri la kuyeyushia shaba, walikuja na desturi ya wachimbaji wa kwao ya kumwadhimisha Barbara Mtakatifu kila tarehe 4 Desemba. Kwa mujibu wa riwaya za kale, Barbara aliuawa na babaye kwa kumkiri Kristo, na radi ikamteketeza muuaji papo hapo. Ndiyo maana watu wa baruti na moto, ambao ajali huwafikia bila ya hodi, walimfanya mwombezi wao. Siku hiyo husomwa misa kwanza, kofia za kazini zikiwa mapajani, ndipo hufuata karamu, bia na ngoma. Na sidhani kama kuna aliyeona haya kuchanganya hayo mawili. Kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba hiyo, Union Minière, ilitaifishwa mwaka 1967, hatimaye ikawa Gécamines, nayo sikukuu ikabaki. Ajabu ni kwamba Roma yenyewe ilimwondoa Barbara katika kalenda yake ya jumla mwaka 1969, kwa shaka juu ya ukweli wa habari zake, jambo ambalo washukao mgodini Kipushi hawakulitilia maanani hata kidogo.