Yatima Akibaleghe Angali Masomoni

 

Anayesafiri kwa barabara ya lami itokayo Makuyuni kwenda lango la Ngorongoro hupita Rhotia kabla ya kufika mjini Karatu. Ni nchi ya mashamba ya ngano na mahindi, wenyeji wake wengi ni Wairaqw, na Waislamu hapo ni wachache. Katika vilima vya Rhotia iko kambi ya mahema ya watalii iitwayo Rhotia Valley, pamoja na makao ya watoto yanayosaidiwa kwa mapato ya kambi hiyo. Si taasisi ya Kiislamu, wala si wakfu kwa maana ya kifiqhi, kwani hakuna tamko la kuwakifu. Lakini mwanafunzi wa fiqhi akiitazama ataona sura anayoijua: asili ya mali inabaki, manufaa yake yanawalisha wasio na mlezi.

Tumeanza na Rhotia kwa sababu makao ya watoto popote nchini, yawe ya Waislamu au ya wengine, yanakutana na swali moja. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kijana wa umri huo aghalabu yuko kidato cha nne au cha tano, au ndiyo kwanza anaingia chuo cha ufundi. Sheria inasema si mtoto tena. Je, fiqhi inasemaje?

Kwa haraka haraka, fiqhi inaonekana kuwa kali zaidi. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Ali bin Abi Talib (r.a.) kwamba uyatima hauendelei baada ya kubaleghe. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, asiyeonekana na alama nyingine hubaleghe kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo. Basi kijana wa kidato cha pili au cha tatu anaweza kuwa si yatima tena kisheria, na wapo viongozi wa jumuiya wanaoishia hapo, wakafunga daftari.

Wanaoishia hapo wameiacha nusu ya mas-ala. Aya ya sita ya Suratun Nisaa haikutosheka na umri wa kuoa. Imetaka pia uonekane rushdi, yaani uwezo wa kijana kujiendesha na kuendesha mali yake, ndipo akabidhiwe. Katika Sahihi ya Muslim imo barua ya Ibn Abbas (r.a.) aliyomjibu Najda, kiongozi wa Makhawariji, aliyemuuliza uyatima unakwisha lini. Maana ya jibu lake ni kwamba mtu huweza kuota ndevu naye angali dhaifu katika kujichukulia haki yake na katika kutoa, na kwamba anapoweza kujichukulia mambo mema wanayochukua watu, hapo uyatima umemwondoka. Abu Hanifa (r.a.) naye alisema kuwa aliyebaleghe bila rushdi hukabidhiwa mali yake anapofika miaka 25. Hatuitaji kauli hiyo ili tuifuate, kwani Imamu Shafii hakuweka kikomo hicho. Tunaitaja msomaji aone kwamba wanazuoni walikuwa wakijadili hali ya kijana wa miaka 18 na 20 zaidi ya karne 12 zilizopita.

Tena Imamu Shafii mwenyewe yalimpata haya. Alizaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria (767), baba yake akafariki naye mdogo, na mama yake akampeleka Makka. Hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhika kwamba mtoto yule awasimamie wenzake pale yeye anapoondoka. Aliandika juu ya mifupa, na akiomba makaratasi yaliyokwisha kutumika ofisini ili aandike upande wa nyuma. Masimulizi haya masheikh wetu huyasoma sana darsani. Lisilosomwa sana ni la baadaye: alipokwisha kusoma kwa Imamu Malik, mtu mzima tayari, akapata nafasi ya kazi Yemen na hana nauli. Yasimuliwa kuwa mama yake aliweka nyumba rehani, na katika riwaya hiyo zinatajwa dinari 16. Mwanachuoni ambaye madhehebu yake yameenea pwani yote kutoka Mogadishu hadi Kilwa alikwama palepale wanapokwama vijana wanaotoka katika makao: ameshabaleghe, ameshasoma, na hana fedha ya hatua inayofuata. Yeye alikuwa na mama mwenye nyumba.

Abu Yusuf hakuwa na hata hiyo. Al-Khatib al-Baghdadi ameleta riwaya mbili. Katika moja baba yu hai na ndiye aliyemtaka mwanawe aache darsa la Abu Hanifa akatafute riziki. Katika nyingine ni yatima, na mama ndiye anayemtoa darsani ampeleke kwa fundi. Riwaya ya kwanza inaeleza kuwa Abu Hanifa alipomwona haji aliuliza habari zake, akampa mfuko wenye dirhamu 100, akamwambia ahudhurie, na zikiisha amjulishe. Akawa anampa nyingine kabla hajaomba. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Harun al-Rashid, wa kwanza kuitwa kwa cheo hicho.

Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na alitoa mfukoni mwake. Je, zaka inaingia? Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Al-Majmuu kwamba mwenye uwezo wa kuchuma, lakini ameshughulika na elimu ya sheria kiasi kwamba akienda kuchuma elimu itakatika, zaka ni halali kwake. Aliyejitenga kwa ibada za sunna hakupewa ruhusa hiyo. Nawawi ametaja elimu ya sheria. Miongoni mwa wanazuoni wa zama zetu, Sheikh Yusuf al-Qaradawi (aliyefariki 2022) ameipanua iingie kila elimu ambayo umma unaihitaji, nasi tunaiona kauli hiyo kuwa na nguvu, maana uuguzi na uhandisi ni katika faradhi kifaya. Hivyo kijana fakiri wa Kiislamu aliyetoka katika makao akaenda chuo cha uuguzi hupewa zaka kwa ufakiri wake, wala haambiwi aache masomo akabebe zege. Asiye Muislamu, kwa kauli ya jamhuri, hapewi zaka ya faradhi, ila sadaka na wakfu vinamfaa, na katika wilaya kama Karatu hilo si jambo la pembeni.

Serikali nayo imebeba sehemu yake. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka wa fedha 2022/23. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowatia shaka ya riba Waislamu wengi, iliondolewa mwaka 2021. Hata hivyo mwombaji yatima hutakiwa vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA. Aliyeokotwa atakileta vipi cheti cha mtu asiyemjua? Umar (r.a.) alipoletewa mtoto wa kuokotwa alisema matumizi yake ni juu ya Baitul Mali, na hakuuliza nasaba.

Mapato nayo hayatabiriki. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, na mwaka 2020, kwa ajili ya korona, takriban 620,000 tu. Makao yanayotegemea chanzo kimoja huumia hapo, kama wakfu wa shamba moja la minazi mwaka wa ukame.

Waliotutangulia waliliona pia tatizo la umri. Katika hati za wakfu za Misri zama za Mamaluki, kuttabu za mayatima ziliwekewa sharti kuwa anayebaleghe atoke, nafasi apewe mwingine. Na katika baadhi ya hati akaachwa yule aliyekaribia kuhitimu Qur'ani, abaki amalize. Sharti hilo la mstari mmoja lilimwokoa kijana asikatishwe katikati.

Kwa hiyo tunawaomba maimamu wanaoulizwa na waumini jinsi ya kuandika wakfu wa nyumba au duka waliangalie neno wanaloliandika. Mafaqihi wanasema sharti la mwenye kuwakifu ni kama matini ya sheria. Hati ikisema "kwa mayatima" pekee, nadhiri mchamungu atalazimika kumkatia msaada kijana siku aliyobaleghe, hata kama mtihani ni mwezi ujao. Iandikwe: "kwa mayatima, na kwa aliyelelewa hali ya kuwa yatima kisha akabaleghe, madamu yumo masomoni na ni muhitaji, hadi amalize masomo aliyoyaanza." Kisha hati isajiliwe, na nakala yake ibaki msikitini.