Vituo vya Njia ya Tokaido

Mnamo mwaka wa 1601 Tokugawa Ieyasu, aliyekuja kuwa jemadari mkuu wa Japani baadaye, aliamuru kila kituo cha njia ya Tokaido kiweke farasi 36 tayari kwa kazi za serikali. Hatimaye vituo vilitimia 53, toka Edo, ndiyo Tokyo ya leo, hata Kyoto. Msafiri aliketi kibandani akinywa chai na kuutazama mlima Fuji. Na huko Mariko aliletewa mchuzi wa kiazi kikuu kilichokunwa, ambao ungali ukiliwa hata sasa. Raha iliyoje! Lakini farasi walipopungua, wanavijiji wa jirani walilazimishwa kutoa wao, wakiacha mashamba. Kati ya 1764 na 1765 wakulima wa njia ya Nakasendo, waliobebeshwa mzigo huo huo, waliasi; nani angewalaumu? Tangu 1993 Japani inavyo vituo vipya vya barabarani, na humo mkulima huuza mboga zake mwenyewe.