Deki ya bei chini: tuangalie piesi

Wasomi wenzangu, kampuni ikitangaza kwamba inaacha chombo fulani, bei inashuka na sisi tunakimbilia kununua. Historia inatuonya. Sony ilileta Betamax mwaka 1975; mwaka 1976 JVC ikaleta VHS, na VHS njo ilishinda. Sony iliacha deki za Betamax mwaka 2002, na kaseti zake mwaka 2016. Mwezi wa 7 mwaka huohuo, Funai ya Japani nayo ikaacha deki za VHS: piesi zilikuwa ngumu kupatikana. Kama huko Japani kwenyewe piesi zilikosa, Kalemie tutazitoa wapi? Njo maana, ukipata deki nzima leo, hamisha kwanza kaseti za ndoa ya wazazi kwenye kompyuta. Filamu zitangoje.