Kasigau, Tsavo na Mtihani wa Hoja

Februari 1948, vijana wa Marekani waliotaka kusomea sheria waliketi kwa mara ya kwanza kufanya mtihani mmoja wa pamoja wa kuwachuja, ambao leo unajulikana kwa herufi LSAT. Miezi miwili baadaye, Aprili 1948, serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza Mbuga ya Taifa ya Tsavo, na sehemu kubwa ya nchi ya Wataita ikawa ya wanyama. Matukio haya hayakuwa na uhusiano wowote. Hata hivyo, kijana wa Voi anayejiandaa leo kwa maswali ya hoja ya mtihani huo ana sababu ya kuyasoma pamoja. Ujuzi unaopimwa kule ndio uliohitajika huku: kusikia dai, kuuliza limesimama juu ya nini, na kuliona pengo lililopo kati ya ushahidi na hukumu. Mara nyingi watu wa Taita Taveta, kaunti ilimo Voi, wameamuliwa mambo yao kwa hoja mbovu zilizoandikwa kwa lugha nzuri. Kwa hiyo kuchambua hoja ni zaidi ya maandalizi ya mtu mmoja anayetafuta nafasi chuoni. Ni elimu ambayo kaunti nzima inaihitaji.

Mtihani wenyewe ulizaliwa na shida ya kawaida. Mwaka 1945, Frank Bowles, mkurugenzi wa udahili wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipendekeza pawepo kipimo ambacho kingewasaidia walimu wa sheria kukadiria ni mwombaji yupi angeweza masomo ya mwaka wa kwanza. Vita vilikuwa vimekwisha, askari walikuwa wakirudi makwao na kumiminika vyuoni, na vyeti vyao vilitoka shule nyingi zisizolingana. Tangu hapo mtihani umebadilika mara nyingi. Kuanzia Agosti 2024, mafumbo ya kupanga watu na vitu kwa masharti yaliondolewa, na sehemu zinazohesabiwa alama zikabaki tatu: mbili za hoja na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35. Kwa maneno mengine, baada ya zaidi ya miaka sabini ya kujaribu vipimo mbalimbali, uzito mkubwa umewekwa kwenye uwezo wa kupima maneno ya mtu mwingine.

Swali la hoja huwa na aya fupi, kisha majibu matano. Msomaji hutakiwa kutafuta hitimisho, kutenga sababu zake, halafu kufichua jambo ambalo msemaji amelichukulia kuwa kweli bila kulisema. Wengi hukwama kwenye tofauti ya sharti la lazima na sharti linalotosha. Mkazi wa Wundanyi anaweza kusema kwamba kila mvua inaponyesha, mawingu huwa yamefunika kilele cha Vuria. Leo Vuria imefunikwa, basi lazima mvua inyeshe. Aliyeishi milimani anajua kwamba ukungu unaweza kukaa Vuria kutwa nzima na shamba lisipate tone. Mawingu ni ya lazima, lakini hayatoshi. Anayejiandaa vizuri huanza bila saa, hueleza kwa maneno yake kwa nini kila moja ya majibu manne aliyoyaacha ni kosa, na hurudia maswali aliyoshindwa mpaka aone mahali mawazo yake yalipoteleza. Mbio za dakika huja baadaye. Ujuzi huu hukua kwa mazoezi, na wanaodai kwamba mtu huzaliwa nao au hukosa kabisa huwakatisha tamaa vijana bila sababu.

Sasa twende Kasigau, mlima ulio kusini mwa mji wa Voi. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliishambulia kambi ya Waingereza iliyokuwa hapo. Waingereza waliamua kwamba wenyeji walimsaidia adui. Wakasigau wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, wengi wakafia huko, na waliosalia waliruhusiwa kurudi baada ya miaka mingi. Ipange hukumu hiyo kama swali la mtihani. Ushahidi: adui alifika kambini. Hitimisho: wanakijiji walimwongoza. Dhana iliyofichwa: adui asingeweza kufika kwa njia nyingine. Lakini Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914, na doria zao zilikuwa zikivuka nyika na kuifikia reli ya Mombasa. Kulikuwa na maelezo mengine, tena ya karibu, ambayo hayakupewa nafasi. Juu ya kosa hilo likaongezwa la pili: hata kama mtu mmoja alisaidia, hilo halithibitishi kwamba wote walisaidia. Watoto na wazee walibeba adhabu ya sentensi ambayo haikukamilika.

Hoja ya Tsavo ilikuwa ya namna nyingine. Nchi kame, yenye mbung'o na nyumba chache, ilihesabiwa kuwa tupu, na iliyo tupu ikaonekana haina mwenyewe. Hapa neno moja limebadilishwa maana katikati ya safari: kutokuwa na nyumba nyingi kumegeuzwa kuwa kutotumika. Mfugaji anayepeleka ng'ombe nyikani kwa msimu, Mwaata anayewinda na mrina asali hawajengi nyumba za mawe, lakini wanaitumia ardhi na wanaijua mipaka yake. Leo mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti, na mgogoro wa watu na ndovu haujakoma. Huenda hifadhi ilihitajika. Hilo ni swali jingine. Mtu anaweza kufikia hitimisho lenye manufaa kwa njia mbovu, na ubovu wa njia ndio ulioacha malalamiko yanayorithiwa mpaka sasa.

Wataita hawakunyamaza. Walitoa ushahidi mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter, iliyoundwa 1932 na kutoa ripoti 1934. Baadaye Taita Hills Association ilibeba malalamiko ya ardhi hadi 1940, ilipopigwa marufuku pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, na viongozi wake wakakamatwa. Kilichopungua ni watetezi waliokubaliwa na mahakama. Enzi hizo njia ya kuwa wakili ilipitia London, na mawakili Waafrika wa Kenya walihesabika kwa vidole. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1961, mwaka ambao kamati ya Lord Denning ilitoa ripoti yake kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika. Kenya School of Law ilianza 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria 1970. Kwa muda mrefu mlango wa uwakili ulilindwa na nauli, karo na umbali kabla ya mtu kuulizwa kama anajua kufikiri.

Wapo watakaosema kwamba LSAT ni mtihani wa wageni, kwa Kiingereza, na kwamba mwenye fedha za vitabu na masomo ya ziada humshinda asiye nazo. Pingamizi hili lina ukweli na halifai kupuuzwa. Hata hivyo, linashutumu kipimo na gharama zake, wala haligusi ujuzi unaopimwa. Afrika Mashariki nayo haikosi milango ya aina hii. Makerere imewahi kuwapa waombaji wa sheria mtihani wa kuingilia, na sheria ya mwaka 2012 kuhusu Kenya School of Law imetaja mtihani wa awali kwa baadhi ya waombaji, pamoja na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Neno hilo "au" lina uzito mkubwa. Linakiri kwamba mtu anaweza kuthibitisha ukali wa akili yake kwa Kiswahili. Basi hakuna kinachozuia shule za Voi, Mwatate na Taveta kufundisha uchambuzi wa hoja kwa lugha ambayo mwanafunzi anabishana nayo sokoni.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mantiki haizuii dhuluma. Waliotawala walikuwa na shule nzuri, na bado Kasigau ilihamishwa. Ni kweli: mwenye nguvu anaweza kuliona kosa na akaendelea nalo. Lakini dhuluma inayosimama juu ya maandishi hujibiwa kwa maandishi, na kosa lililotajwa kwa jina huwa gumu kurudiwa hadharani. Katiba ya 2010 imeipa hoja ya mwananchi mahali pa kusikilizwa: madai ya dhuluma za kihistoria za ardhi yanaweza kuchunguzwa na Tume ya Taifa ya Ardhi, na ushirikishwaji wa umma ni takwa la kikatiba. Mikutano ya ushirikishwaji huo huwa na ripoti nene, takwimu na mahitimisho yaliyokwisha kuandikwa. Asiyejua kuuliza hitimisho limetoka wapi huishia kupiga makofi au kupiga kelele, na vyote viwili havibadilishi ripoti.

Kwa sababu hiyo, kijana anayefunga kitabu chake cha mazoezi usiku mjini Voi asifikiri kwamba anajifunza mchezo wa Wamarekani. Afike chuo au asifike, anajizoeza swali ambalo mwaka 1915 halikupata wa kuliuliza mbele ya ofisa aliyekuwa ameshika kalamu: je, hapakuwa na njia nyingine ambayo adui angeweza kuipita?