Silaha Iliyotwaliwa kwa Adui

Katika zama ambazo dawa za Ukimwi zilikuwa chache, na virusi vilikuwa hodari wa kuzizoea, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, Dani Bolognesi na Thomas Matthews miongoni mwao, waliigeukia maumbile ya adui mwenyewe, wakadhani, na dhana yao ikasibu, kwamba kiungo anachovamia nacho chaweza kuwa kinga dhidi yake.

Virusi hivyo, vikisha kunata juu ya chembe ya damu, huuchoma utando wake kwa ncha ya protini iitwayo gp41. Kisha protini hiyo hujikunja mithili ya bawaba, sehemu zake mbili zikakumbatiana, na kwa nguvu ya kukumbatiana huko utando wa virusi na wa chembe huvutwa hata zikagusana, zikaungana, zikawa moja. Wataalamu waliunda nakala ya sehemu mojawapo, peptidi ya asidi amino 36, wakaiita T-20, nayo ikitangulia kukikalia kiti cha mwenziwe, bawaba haifungi tena. Ni hila ya kupendeza, maana haimwui adui, humzuilia mlangoni tu.

Mwaka 1993 iliundwa kampuni ya Trimeris ili kuiendeleza, na mwaka 1998 ikatangazwa habari ya wagonjwa 16 walioijaribu, ambao kati yao waliopewa kipimo kikubwa kabisa virusi vya damuni vilipungua takriban mara mia kwa muda wa majuma mawili. Idhini ya serikali ya Marekani ilipatikana Machi 2003, kwa jina la enfuvirtide.

Walakini kuitengeneza kulihitaji hatua zaidi ya 100 za kikemia, bei yake ilikuwa kama dola 20,000 kwa mwaka, na mgonjwa alilazimika kujidunga mara mbili kila siku, ngozi ikimtoka vinundu vyenye maumivu. Kwetu Afrika, ambako wagonjwa walikuwa wengi na hata vidonge vya kawaida vilikuwa adimu, dawa hiyo ilikuwa habari ya kusomwa tu. Tangu 2007, kilipokuja kidonge cha raltegravir, hata matajiri wakaanza kuiacha.

Maarifa yenyewe hayakupotea. Mwaka 2020 Ulaya iliidhinisha bulevirtide, dawa ya homa ya ini aina ya D iliyotokana na kazi ya Stephan Urban wa Heidelberg, ambayo ni peptidi iliyonakiliwa kutoka ganda la virusi vya aina ya B, ganda ambalo virusi vya aina ya D hulivaa pia. Nayo pia ni ya sindano, ila mara moja kwa siku.