Daftari la Githunguri

Msomaji mpendwa, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili ningependa tuizungumzie methali hiyo, maana kuna chuo kimoja nchini Kenya ambacho mali yake ilipotea, na daftari lake likaandikwa na waliokichukia.

Chuo chenyewe ni kile cha walimu cha Githunguri, katika wilaya ya Kiambu ya zamani. Mwaka wa 1929 palizuka mzozo mkali baina ya makanisa ya wamishenari na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana. Wazazi wengi waliwaondoa watoto wao katika shule za misheni wakaanzisha shule zao wenyewe. Shule zikaongezeka, lakini walimu wakawa haba, na mmishenari hangemfunza mwalimu wa kwenda kufundisha kwa mpinzani wake.

Mwaka wa 1938 Peter Mbiyu Koinange, mwanawe Chifu Koinange wa Mbiyu, alirejea nyumbani baada ya masomo ya miaka mingi Marekani na Uingereza. Shule hizo zikamkabidhi kazi ya kuunda chuo, nacho kikafunguliwa Januari 1939. Jina lake lilikuwa Kenya African Teachers' College. Zingatia jina hilo: lilitaja Kenya, halikutaja kabila.

Je, fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo penye utamu wa kisa hiki. Waanzilishi walitumia mpango uliokuwepo tangu jadi, yaani marika. Kila mwanamume alikuwa na rika lake, wale aliotahiriwa nao, na katika rika hakuna anayetaka kuonekana mnyonge mbele ya wenzake. Basi michango ikapitia marika, rika hili likishindana na lile. Wanawake nao hawakukaa kando wakisubiri kuambiwa. Walijipanga wenyewe, wakachanga fedha za kujenga bweni la wasichana. Tukumbuke kwamba wengi wao hawakuwahi kushika kalamu, na shilingi moja nyakati zile ilikuwa jasho la siku kadhaa katika shamba la mzungu.

Jomo Kenyatta alirudi kutoka Uingereza mwaka wa 1946, na mwaka uliofuata akashika usukani wa chuo. Nisifiche ukweli: mambo ya fedha hayakuwa shwari. Palikuwa na manung'uniko kuhusu hesabu, na mishahara ya walimu ilichelewa. Kisha tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Chuo kikafungwa, na mahali palipojengwa kwa michango ya wazazi ili watoto wasome pakasimamishwa mti wa kunyongea wapiganaji wa Mau Mau.

Sasa tulirudie daftari. Mtu akitaka kusoma habari za Githunguri leo, ataelekezwa kwanza kwenye maandishi ya wakoloni: taarifa za kila mwaka za madisii, na ile ripoti ya Corfield ya mwaka wa 1960, ambayo ilikiona chuo kama kitovu cha uchochezi. Mbiyu alijaribu kutoa upande wa pili katika kitabu alichokichapisha Marekani mwaka wa 1955. Lakini hicho ni kitabu kimoja dhidi ya makabati mazima. Isitoshe, mwaka wa 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza, ilifichuka kwamba maelfu ya majalada kutoka makoloni 37 yalikuwa yamefichwa katika jumba la Hanslope Park. Mkoloni alijua thamani ya karatasi kuliko sisi.

Mimi ninalo langu la kusimulia. Nilipokuwa mtoto mama aliweka kopo la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na stakabadhi za michango ya chuo kilichokusudiwa kujengwa katika tarafa yetu. Alitoa kuku, akatoa pesa za maziwa, na kila mara akapewa kijikaratasi chenye muhuri. Chuo hakikujengwa. Lilibaki jiwe la msingi tu, na mbuzi hulipanda. Waliokusanya fedha walipoulizwa hesabu walisema vitabu viliharibiwa na mvua. Mama hakubishana nao. Alilitikisa kopo lake tu, akasema, "Hivi vyangu havikunyeshewa."

Siko hapa kudai kwamba kila harambee iliishia hivyo. Wakulima wa kahawa wa Nyeri walichangia Taasisi ya Kimathi katika miaka ya sabini, na tangu 2012 imekuwa chuo kikuu kamili. Chuo cha WECO kule Kakamega nacho ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Hata hivyo, ukiingia katika majengo hayo utakuta bamba lenye jina la mheshimiwa aliyekata utepe. Jina la mama aliyetoa kuku hulioni.

Kwa hiyo nina ombi, msomaji. Leo ukifika nyumbani, fungua sanduku la wazazi wako. Ukikuta stakabadhi, kadi ya harambee au daftari la kamati lililoliwa na mende, usiwashie jiko. Toa nakala, uwape chuo kinachohusika, au uzifikishe Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue. Wajukuu wa waliochanga Githunguri wangetoa mengi leo ili waone karatasi moja tu yenye jina la nyanya yao.

Kopo la mama ninalo mimi sasa. Nimehesabu stakabadhi zilizomo: ni 14, na zote zinasomeka.

Hadi juma lijalo, kwaheri.